Tiketi 500 kwa dakika 90: kisa cha Denver, Oktoba 2007

Jumatatu tarehe 22 Oktoba 2007, saa nne kamili asubuhi kwa saa za Denver, klabu ya besiboli ya Colorado Rockies ilianza kuwauzia wananchi tiketi za World Series. Ziliuzwa mtandaoni tu. Dirisha la uwanjani halikufunguliwa, na hakukuwa na wakala wa kumwendea. Katika dakika 90 za mwanzo mitambo ilipokea maombi milioni 8.5 ya kuunganishwa. Tiketi zilizouzwa zilikuwa takriban 500. Mauzo yakasitishwa.

Kesho yake saa sita mchana yakafunguliwa tena, na safari hii mitambo ilihimili. Ilipofika kama saa nane na nusu, tiketi zote zilikuwa zimekwisha, zaidi ya 50,000 kwa michezo mitatu.

Kisa hiki kinapotajwa, huwa kinaishia kwenye ile Jumatatu: seva zimezidiwa, msemaji anaomba radhi, mashabiki wanafoka. Mimi naiona Jumanne kuwa ndiyo yenye kesi. Jumatatu kitu kiliharibika, na kilichoharibika hutengenezwa. Jumanne kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa, na shabiki wa kawaida bado akatoka mikono mitupu, kwa kuwa mpango wenyewe ulikuwa wa mashindano ya kasi, na kwa kasi binadamu hamwezi roboti, yaani programu ya kompyuta inayonunua tiketi yenyewe.

Kiu ilitoka wapi

Kwa asiyefuatilia besiboli: World Series ni fainali ya ligi kuu ya Marekani. Bingwa wa National League anakutana na bingwa wa American League, na anayetangulia kushinda michezo minne kati ya saba ndiye bingwa. Michezo miwili ya kwanza inachezwa kwa mmoja, mitatu inayofuata kwa mwenzake, na miwili ya mwisho, ikihitajika, inarudi kwa yule wa kwanza. Miaka ile haki ya kuanzia nyumbani ilitegemea ligi ipi imeshinda mchezo wa nyota wa Julai, na mwaka 2007 American League ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo Denver ilikuwa na mchezo wa tatu, wa nne, na labda wa tano.

Rockies ilianza kucheza mwaka 1993 na haikuwahi hata mara moja kufika fainali. Katikati ya Septemba 2007 ilikuwa ya nne katika kundi lake, timu ambayo mtu anaitazama huku akiwaza msimu ujao. Ghafla ikaanza kushinda, ikashinda, ikashinda, hadi ikalingana kwa idadi ya ushindi na San Diego Padres, na ukahitajika mchezo wa ziada kumpata wa kusonga mbele. Mchezo huo wa tarehe 1 Oktoba ulikwenda hadi mzunguko wa 13 badala ya tisa ya kawaida. Padres walikuwa wanaongoza kwa mikimbio miwili (mkimbio ndiyo pointi ya besiboli) na wamemwingiza Trevor Hoffman, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufunga michezo ya namna hiyo. Rockies wakaipindua, 9-8, Matt Holliday akiserereka kwa kifua hadi kituo cha nyumbani, ambacho lazima kiguswe ndipo mkimbio uhesabiwe, huku kidevu kikikwaruzwa na mchanga. Mashabiki wa San Diego watakuambia mpaka leo kwamba mkono wake haukugusa kituo.

Kisha Rockies wakaitoa Philadelphia kwa michezo 3-0 na Arizona kwa michezo 4-0. Ukijumlisha na mbio za Septemba, ni ushindi 21 katika michezo 22. Mji ambao kwa miaka mingi haukuijaza Coors Field, uwanja wa viti vipatavyo 50,000, sasa wote ulitaka kuingia.

Kuna jambo la kalenda hapa ambalo ni muhimu kwa kisa. Rockies ilimaliza kazi na Arizona tarehe 15 Oktoba. Mpinzani wake alipatikana usiku wa Jumapili tarehe 21, Boston Red Sox walipokamilisha kazi ya kuigeuzia Cleveland kibao baada ya kuwa nyuma kwa michezo 3-1. Maana yake klabu ilikuwa na wiki nzima ya kujiandaa, halafu ikafungua mauzo saa chache tu baada ya kundi kubwa la mashabiki wa besiboli kujua kwamba timu yao inakwenda Denver. Mashabiki wa Boston wametapakaa Marekani nzima, na kwenye intaneti Boston na Denver ni mtaa mmoja. Mtu wa Denver aliyedhani anagombea tiketi na jirani zake alikuwa anagombea na bara zima.

Alichokuwa anagombea nacho ni kidogo kuliko alivyodhani. Uwanja wa watu 50,000 kwa michezo mitatu ni nafasi 150,000. Zilizowekwa sokoni kwa wananchi ni hizo 50,000 na ushee, theluthi. Nyingine huwa zimekwisha kugawanywa kabla: wenye tiketi za msimu mzima, wadhamini, ofisi ya ligi, timu zote mbili, wageni waalikwa. Sehemu ya mgawo huo ni ya haki kabisa. Aliyelipia msimu mzima wakati timu inafungwa anastahili kutangulizwa. Ila klabu hazipendi kuanza tangazo na hesabu hiyo. Zinasema "tiketi zinauzwa", na msikilizaji anauona uwanja mzima.

Ndani ya zile dakika 90

Maombi milioni 8.5 kwa dakika 90 ni zaidi ya 94,000 kwa dakika, yaani karibu 1,570 kila sekunde. Jimbo zima la Colorado lilikuwa na watu wasiofika milioni tano.

Lakini ombi si mtu, na hapo ndipo wengi walipopotoka wakisoma takwimu hiyo. Ukifungua ukurasa mmoja, kompyuta yako inaomba maandishi, inaomba picha, inaomba vipande vya programu vinavyoendesha ukurasa. Hilo ni la kwanza. La pili, ukurasa usipofunguka, mtu hangoji. Anabofya tena. Baada ya sekunde kumi anabofya tena, anafungua dirisha la pili la kivinjari, anampigia mkewe aliye kazini naye ajaribu. Mfumo haujui kwamba hao wote ni nyumba moja. Kila kubofya kunakuwa ombi jipya linalopanga mstari nyuma ya ombi la kwanza la mtu yuleyule, na la kwanza bado halijajibiwa. Kadiri mtambo unavyochelewa ndivyo watu wanavyobofya, na kadiri wanavyobofya ndivyo unavyochelewa.

Kuuza kiti kwa namba nako si kama kuuza shati. Mfumo unatafuta viti vilivyo pamoja, unavifunga ili mwingine asivichukue, unampa mteja dakika kadhaa za kujaza kadi, unauliza benki, unangoja jibu, ndipo unavihesabu kuwa vimeuzwa. Katika muda wote huo kiti hakijauzwa wala hakipatikani. Mteja aliyepita mlango wa kwanza kwa bahati, kisha ukurasa ukamfia kwenye malipo, anaacha viti vyake vimefungwa mpaka saa ya mfumo ivifungue. Hivyo ndivyo unavyoweza kuwa na uwanja mtupu, mamia ya maelfu ya wanunuzi wenye kadi mkononi, na mauzo ya tiketi 500.

Mitambo haikuwa ya Rockies. Ilikuwa ya Paciolan, kampuni ya Irvine, California, iliyokuwa ikiendesha mauzo ya tiketi kwa klabu na vyuo vingi. Siku ya kawaida mpango huo una mantiki: klabu moja haiwezi kununua seva za kutosha kwa ajili ya asubuhi moja kwa miaka 15.

Jioni ya Jumatatu klabu ikatoa maelezo mapya: tovuti imeshambuliwa kwa makusudi na watu wa nje. Baadhi ya wataalamu wa kompyuta walilipokea neno hilo kwa mashaka, nami niko upande wao, ingawa si kwa sababu naona klabu ilidanganya. Mtu anayetaka kuuangusha mtambo anatuma maombi mengi kwa kasi. Mlanguzi anayetaka kununua tiketi 200 kwa roboti naye anatuma maombi mengi kwa kasi. Shabiki aliyechanganyikiwa, ukimzidisha kwa laki kadhaa, anatoa picha hiyohiyo. Ukiwa ndani ya chumba cha seva saa tano asubuhi, vyote vitatu ni moto mmoja. Tofauti iko kwenye nia, na nia haionekani kwenye kumbukumbu za seva. Ninachojua ni kwamba neno "shambulio" linamfaa anayelitumia: aliyeshambuliwa ni mhanga, na mhanga haulizwi kwa nini hakujiandaa.

Jumanne iliyofanikiwa

Sasa tuje kwenye siku ambayo hakuna aliyeomba radhi.

Kanuni ya mauzo ilibaki ileile: mlango unafunguliwa saa sita, atakayewahi ndiye atakayepata. Kwenye dirisha la uwanjani kanuni hiyo ina uadilifu wake. Anayelala nje kwenye baridi ya Oktoba ya Denver analipa kwa usingizi wake, na mlanguzi akitaka nafasi kumi mstarini lazima atafute watu kumi wa kulala naye. Ukiihamishia kanuni hiyohiyo mtandaoni, gharama ya kuwahi inatoweka kwa yule mwenye programu. Ni kama kugombea daladala ya jioni Posta ukiwa na mtoto mgongoni, halafu mwenzako amepewa mabega mia moja.

Mwezi huohuo mambo haya yalikuwa mahakamani. Katikati ya Oktoba 2007 jaji wa shirikisho huko California aliizuia kwa muda kampuni ya RMG Technologies, iliyokuwa imeshtakiwa na Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi, kwa kutengeneza programu ya kupenya tovuti ya tiketi, ikiwa ni pamoja na kulipita lile jaribio la herufi zilizopindapinda ambalo linatakiwa kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Miaka michache baadaye, mwaka 2010, waendesha mashtaka wa New Jersey waliwafikisha mahakamani watu wa kampuni iliyojulikana kama Wiseguy Tickets. Kwa miaka kadhaa walikuwa wamenunua tiketi zaidi ya milioni moja kwa programu za namna hiyo na kupata faida iliyozidi dola milioni 25. Miongoni mwa matukio yaliyotajwa kwenye mashtaka ilikuwamo michezo ya mtoano ya besiboli ya mwaka huohuo wa 2007, ile ya New York. Sisemi kwamba wao ndio waliokuwa Denver. Nasema kwamba mtu aliyekaa na kipanya chake Jumanne ile saa sita kasoro dakika moja alikuwa amekaa kwenye uwanja ambao zana hizo zilikuwa zimekwisha kuzoeleka.

Na soko la kuziuzia lilikuwa tayari, tena halali. Januari 2007 eBay ilikuwa imeinunua StubHub kwa dola milioni 310, na Agosti ligi kuu ya besiboli ikaingia mkataba na StubHub kuwa mahali rasmi pa kuuzia tena tiketi. Kabla ya hapo mlanguzi alikuwa mtu wa kunong'ona kando ya lango. Sasa alikuwa na duka lenye nembo ya ligi. Tiketi zilizokwisha saa nane na nusu zilionekana huko kwa bei iliyozidi ile ya awali mara kadhaa.

Mtu wa uchumi ataniuliza: kwa nini klabu isipandishe bei yenyewe na kummaliza mlanguzi? Swali zuri, na jibu si huruma. Tiketi ya fainali ikiuzwa kwa bei ya soko, atakayeketi ni mwenye fedha wa siku hiyo, na shabiki aliyekuja Aprili mvua ikinyesha ataikumbuka dharau hiyo Aprili inayofuata. Klabu inauza chini ya bei ili inunue utii wa miaka ijayo. Ila ukishaamua kuuza chini ya bei, ile tofauti inabaki mezani, na lazima uchague nani aichukue. Usipochagua, ataichukua mwenye kasi. Hata wachezaji hawaipati: mfuko wao wa mashindano ya mwisho wa msimu unatokana na asilimia 60 ya mapato ya milangoni ya michezo minne ya kwanza ya fainali na ya michezo kadhaa ya hatua za awali, na mapato hayo yanahesabiwa kwa bei ya kwanza, si ya mlanguzi.

Kwa hiyo Denver ilitoa zawadi ya mamilioni ya dola kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na haja ya kujua Holliday ni nani. Ilifanya hivyo bila hitilafu yoyote ya kiufundi.

Bahati nasibu, pamoja na matundu yake

Wapinzani wenyewe wa Rockies walikuwa na njia nyingine. Boston, yenye uwanja mdogo wa Fenway usiofikisha watu 40,000 na mashabiki wasiohesabika, ilikuwa ikiwaandikisha mashabiki mtandaoni kwa siku kadhaa, kisha inachezesha droo, na waliotajwa ndio wanaopata nafasi ya kununua. Leo timu nyingi zinazofika mtoano zinafanya hivyo, au zinaweka chumba cha kungojea ambamo wote walioingia kabla ya saa ya kufungua wanapangwa upya kwa kubahatisha. Kuwahi kwa sekunde mbili hakukupi kitu.

Walioizoea foleni wanaichukia droo. Wanasema haimjali mwenye juhudi. Naielewa hoja hiyo, lakini juhudi ipi? Ya kubofya? Foleni ya usiku ilipima mapenzi kwa kiasi fulani, pamoja na kuwatupa nje wagonjwa, wazee na wenye zamu za kazi. Kubofya kunapima intaneti ya nyumbani kwako.

Tundu la kweli la droo ni jingine: mtu mmoja akijiandikisha mara 300 kwa barua pepe 300. Hapo inabidi uandikishaji ufungwe kwenye kadi ya malipo na anwani, na tiketi ikae kwenye simu ya mnunuzi badala ya karatasi inayoweza kupita mikono mitano. Kila kufuli linamchelewesha mlanguzi na pia linamsumbua mzee asiye na simu janja. Hakuna njia ya kulikwepa hilo. Unachagua nani umsumbue.

Sheria ilifika kwa kuchelewa. Desemba 2016 Marekani ilipitisha sheria dhidi ya roboti za tiketi, na kesi za kwanza chini yake zilifunguliwa Januari 2021, dhidi ya walanguzi watatu wa New York. Miaka zaidi ya minne kutoka kutiwa saini hadi kesi ya kwanza ni muda mrefu kwa biashara inayomalizika kwa saa mbili na nusu. Kwa klabu, kanuni ya mauzo ni kinga ya karibu zaidi kuliko polisi.

Denver ilikuwa na nafasi ya kuibadilisha kanuni hiyo. Chukua zile siku kuanzia tarehe 16. Uandikishaji ungefunguliwa Jumanne na kufungwa Jumamosi. Kwa siku tano hakuna sababu ya mtu yeyote kugonga mlango kwa nguvu, maana anayejiandikisha saa nane usiku wa Alhamisi ana nafasi sawa na wa kwanza. Kufikia Jumamosi usiku mshiriki wa pili wa fainali bado hajajulikana, kwa hiyo mashabiki wa Boston, wakiwa bado hawana uhakika, wangejiandikisha wachache zaidi. Jumapili droo inachezeshwa. Tukikadiria kila mshindi ananunua tiketi mbili, tiketi 50,000 ni washindi 25,000. Wagawe kwa zamu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ya Jumatatu, kila mmoja na saa yake na namba yake ya siri. Hao ni watu 2,500 kwa saa, chini ya mtu mmoja kwa sekunde. Mtambo uleule wa Irvine uliolemewa na maombi 1,570 kwa sekunde ungewahudumia huku mafundi wakinywa kahawa.